Nyumba Ikikosa Mnunuzi, Haki Zako Zisikosekane

Hotuba kwa wenye nyumba, Mtwara Mjini

Mwenyekiti wetu, viongozi wa mitaa mliofika, wazee wangu, mama zangu, kaka na dada zangu: assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Nashukuru kwa kunialika, na nawashukuru zaidi wenzetu wa Lindi, Masasi na Newala walioamka alfajiri ili wawahi kuketi nasi.

Nimeombwa nizungumzie kodi na nafuu za mwenye nyumba wakati huu soko limelala. Kwamba limelala, hakuna wa kubishana. Pita Shangani, zunguka Ligula mpaka Mangamba, utaona kuta zilizoandikwa "Nyumba hii inapangishwa" kwa rangi iliyokwisha kupauka kwa jua. Utaona mapagale yaliyoishia kwenye lenta, majani yameota vyumbani. Na utakutana na watu wenye nyumba nzuri kabisa, zimekamilika, zina umeme na maji, na hawapati mnunuzi wa kuwarudishia hata gharama ya tofali.

Tukumbushane tulivyofika hapa, kwa sababu wapo vijana humu waliokuwa watoto. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, ikakaa miaka mingi bila kelele. Kuanzia 2010 kampuni za nje zikaanza kupata gesi nyingi kwenye kina kirefu cha bahari, na mji wetu ukabadilika. Wageni walitaka nyumba zenye uzio, maji ya uhakika na jenereta, na walikuwa tayari kulipa pango la mwaka mzima kwa mkupuo. Watu waliuza mashamba ya mikorosho wakajenga. Wengine walikopa. Oktoba 2015 likazinduliwa bomba la kilomita 542 la kupeleka gesi Dar es Salaam, na mwezi huohuo kikazinduliwa kiwanda cha saruji cha Dangote. Tuliona mambo yameiva. Lakini bei ya mafuta duniani ilikuwa imeshaporomoka, kampuni zikapunguza watu na ofisi. Mradi mkubwa wa gesi wa Likong'o, Lindi, ulisainiwa makubaliano ya awali Juni 2022 na mazungumzo yakaendelea, na mwenye nyumba hawezi kulipa ada ya mtoto kwa mazungumzo. Katikati ya hayo tulipitia msimu wa korosho wa 2018, serikali ilipoamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo ya wakulima wengi yakachelewa. Huku kwetu bati linanunuliwa na korosho. Korosho ikichelewa, fundi anakaa, dalali anakaa, na mwenye nyumba ya kupangisha naye anakaa.

Sikuja kuwatabiria soko litaamka lini. Nimekuja na jambo moja, na naliamini kwa dhati: ndani ya sheria zetu tayari kuna nafuu kwa mwenye nyumba, nyingine kubwa kuliko tunavyodhani, na zinakwenda kwa mwenye karatasi. Bei zikiwa juu, karatasi iliyopotea inakugharimu kidogo, unavumilia. Bei zikishuka, karatasi hiyohiyo inaamua kama utaondoka na chako au utaongeza hasara juu ya hasara.

Tuanze na kodi ya majengo, maana hiyo inamgusa kila aliyemo humu. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye umeme, kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Julai 2023 ikapanda kuwa 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa, kwa mijini, ni shilingi 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu. Ukiwa na jengo la sakafu tatu, ni 270,000, liwe na wapangaji au liwe tupu.

Hapo kwenye tupu naomba tutulie kidogo. Nyumba isiyo na mtu hainunuliwi umeme, lakini kodi haisimami, inajikusanya. Miezi minane nyumba haina mpangaji, deni linafika 12,000. Mpangaji mpya anaingia na mizigo yake, usiku ule ananunua umeme wa kwanza, anafungua ujumbe kwenye simu: kuna tokeni, kuna VAT, kuna tozo ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, kuna ya REA, wakala wa umeme vijijini, na kuna deni la kodi ya majengo la miezi ambayo yeye alikuwa hajawahi hata kuiona nyumba ile. Uniti alizopata hazimfikishi mwisho wa juma. Nimeona mpangaji na mwenye nyumba wakianza uhasama kwa jambo hili siku ya kwanza kabisa, na katika soko hili mpangaji mzuri huwezi kumpoteza kwa sababu ya 12,000. Kodi hii ni ya mwenye jengo. Mpangaji akiilipa kupitia mita, amekulipia wewe, na ana haki umpunguzie kwenye pango. Kwa hiyo kabla hujamkabidhi mtu funguo, nunua umeme mwenyewe, umalize deni, umwachie mita safi. Na liandikeni kwenye mkataba kwamba makato ya kila mwezi mtayahesabu vipi.

Lingine ni mita zaidi ya moja. Watu wengi hapa mna nyumba moja mliyoigawa kwa wapangaji watatu, kila mmoja na mita yake ili pasiwe na ugomvi wa umeme. Ni mpango mzuri. Lakini kodi ni ya jengo, haihesabiwi kwa mita. Kama inakatwa kwenye mita zote tatu, kwa mwaka zinaondoka 54,000 badala ya 18,000. Kusanya namba za mita zote, nenda Mamlaka ya Mapato, TRA, uwaeleze kwamba ni jengo moja, ibaki mita moja inayokatwa. Hakuna atakayekuja kukutafuta nyumbani kukwambia unalipa zaidi. Fungua ujumbe wa LUKU wa kila mpangaji, soma mstari kwa mstari.

Sasa wazee wangu. Sheria inamsamehe mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea kodi ya majengo kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Inamsamehe pia mwenye ulemavu asiye na kipato. Na nyumba za udongo na za kuezeka kwa nyasi au makuti hazimo kwenye kodi hii. Mtumishi wa serikali anastaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, kwa hiyo mwaka uleule mshahara unapokatika ndio mwaka msamaha huu unapoanza kuwa haki yake. Ni sheria yenye utu. Tatizo ni kwamba mita haijui umri wa mtu. Mzee asipokwenda TRA kuomba, LUKU itaendelea kumkata mpaka Mungu amchukue. Nendeni na kitambulisho cha taifa cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa, uthibitisho kwamba nyumba ni yako, na namba ya mita. Wajukuu mlioko humu, wapelekeni. Mzee wa miaka 78 hawezi kukaa kwenye foleni peke yake akiulizwa namba za tarakimu kumi na moja.

Hapa nieleze kwa nini nimetaja uthibitisho kwamba nyumba ni yako. Mikindani na Lindi ya zamani zimejaa nyumba ambazo karatasi zake bado zina jina la babu aliyefariki kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Familia inaishi, inalipa, inakarabati, ila kwa maandishi mwenye nyumba ni marehemu. Nyumba kama hiyo huwezi kuiombea mkopo, huwezi kuiuza kwa usalama, na hata msamaha wa mzee unakuwa na maelezo marefu. Kaeni kikao cha ukoo, mteue msimamizi wa mirathi, nendeni Mahakama ya Mwanzo. Fanyeni hivyo sasa hivi wakati hakuna anayegombania, kwa sababu siku soko likiamka na mnunuzi akaja na fedha mkononi, kila shangazi na kila mjomba atakuwa na kauli yake.

Nije kwenye kuuza, na hapa nitakaa, maana ndipo fedha nyingi zinapotupotea.

Ukiuza nyumba au kiwanja, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inataka kodi kwenye faida. Kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida. Faida ni bei uliyouzia ukiondoa gharama zako: ulichonunulia kiwanja, ulichojengea, ulichoboreshea, na gharama za mauzo kama malipo ya dalali. Bila cheti cha TRA kwamba kodi imemalizwa, Msajili wa Hati hahamishi jina. Hapo wengi mnapajua.

Msichokijua wengi ni msamaha. Kama nyumba unayouza ni makazi yako mwenyewe, umeimiliki miaka mitatu mfululizo au zaidi, na umeishi humo kwa jumla ya miaka mitatu au zaidi, basi faida isiyozidi shilingi milioni 15 haitozwi kodi hiyo. Tuchukue mfano. Umejenga Naliendele kwa milioni 40, umeishi miaka sita, umeuza kwa milioni 52. Faida ni milioni 12. Kodi ya faida: hakuna. Jirani yako amejenga nyumba ileile kwa gharama ileile, akaipangisha tangu siku ya kwanza, akauza kwa bei ileile. Yeye atalipa 1,200,000. Tofauti yenu ni kwamba wewe uliishi. Utathibitisha vipi kwamba uliishi? Barua ya mtaa, bili za maji, anwani kwenye nyaraka zako za miaka yote hiyo. Angalieni pia kwamba faida ikivuka milioni 15, hata kwa kidogo, msamaha huo unakuwa haupo tena, na asilimia 10 inapigwa kwa faida yote.

Sawa, mtaniambia, mwalimu, faida gani unayoizungumza? Sisi tunauza kwa hasara. Vizuri. Hapo ndipo nilitaka tufike.

Mwenzetu mmoja, nitamwita mama wa Chuno, alijenga nyakati zile za neema kwa milioni 70. Amepata mnunuzi wa milioni 55. Amepoteza milioni 15 za jasho lake. Kwa sheria, hana faida, kwa hiyo hana kodi ya faida ya kulipa. Lakini hilo linasimama akiwa na kumbukumbu za gharama zake. Mkazi ambaye hana kumbukumbu hatozwi tena asilimia 10 ya faida, kwa sababu faida yenyewe haihesabiki. Anatozwa asilimia 3 ya bei aliyouzia au ya thamani iliyoidhinishwa na mthamini, inayochukuliwa ni ile iliyo kubwa. Asilimia 3 ya milioni 55 ni 1,650,000. Na kama mthamini aliandika milioni 60, anapigiwa kwenye 60, inakuwa 1,800,000. Mama ameuza kwa hasara, halafu amelipa kodi ya karibu milioni mbili juu yake, kwa sababu tu hana cha kuonyesha kwamba nyumba ilimgharimu milioni 70.

Tafadhali mlichukue hili nyumbani kwenu leo. Soko likiwa juu, kanuni hii ya asilimia 3 inaweza hata kumfaa mtu: ukiuza kwa faida kubwa, asilimia 3 ya bei inaweza kuwa ndogo kuliko asilimia 10 ya faida. Kwenye soko lililolala mambo yanageuka. Anayeumia zaidi ni yule aliyekwisha kuumia.

Na nyumba zetu tunajengaje? Hatujengi kwa mkopo wa benki na mkandarasi mwenye mafaili. Tunajenga msimu kwa msimu. Malipo ya korosho ya kwanza, msingi. Mwaka unaofuata, tofali na boma. Kisha miaka miwili kimya, mtoto yuko chuo. Kisha tunapaua. Kwa hiyo risiti zimetawanyika miaka kumi, nyingine ziko kwenye droo, nyingine zilifungia maandazi. Na hata zilizotunzwa zina adui. Kabla hatujaanza, dada mmoja amenionyesha bahasha ya kaki aliyoitunza tangu ajenge. Nimemshangilia, kisha tumezitoa pamoja. Risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, za nondo na saruji zimekuwa karatasi nyeupe. Unaona kivuli cha jina la duka, unaona alama ya mraba, tarakimu hazisomeki. Ile ni karatasi ya joto, wino wake haudumu, na kwa jua na unyevu wa pwani yetu unakwenda haraka zaidi. Toeni nakala ya fotokopi siku uliyonunua. Pigeni picha kwa simu na mzitume kwenye barua pepe yenu wenyewe, kwa sababu simu nayo inapotea. Bandikeni fotokopi kwenye daftari, andikeni pembeni: saruji mifuko mingapi, ya nini, tarehe ipi.

Kwa fundi, ambaye hana mashine ya risiti, andikeni mkataba hata wa ukurasa mmoja: kazi, bei, namba yake ya kitambulisho, sahihi yenu na mashahidi wawili, na muhuri wa serikali ya mtaa ikiwezekana. Mlipeni kwa simu au benki, ibaki alama. Mnaonunua kiwanja msikubali kuandika kwenye mkataba wa mauziano bei ndogo kuliko mliyolipa ili kupunguza ushuru wa stempu. Ushuru ule ni asilimia 1. Umeokoa shilingi laki moja leo, na siku unauza umejinyima gharama ya milioni kumi kwenye hesabu yako. Hao wanaowashauri hivyo hawatakuwepo siku hiyo.

Kwa wenye kupangisha nitapita haraka. Kodi ya zuio kwenye pango ni asilimia 10. Mpangaji akiwa kampuni au taasisi, anaikata na kuipeleka TRA, na wewe una haki ya kupewa cheti cha zuio. Kidai, kila mara. Kuna watu wamekatwa miaka mitatu, hawana cheti hata kimoja, na siku ya hesabu wanaonekana hawajalipa. Na kodi hii ni kwa pango ulilolipwa. Ukimpunguzia mpangaji pango ili asihame, fanyeni mkataba mpya wenye bei mpya. Mkataba wa zamani wa laki tano ukibaki kabatini huku unapokea laki mbili na nusu, ni wewe utakayetakiwa kueleza.

Mikopo sasa. Najua wapo humu walioweka nyumba dhamana. Najua usingizi hauji. Nataka mjue sheria ya ardhi ya mwaka 1999 haijawaacha uchi.

Kwanza, benki haiwezi kuuza nyumba yako asubuhi kwa sababu umekosa rejesho la jana. Lazima ikupe notisi ya maandishi inayoeleza kosa lako na kukupa siku 60 tangu uipokee. Siku 60 hizo si za kujificha. Ndizo siku za kwenda benki na hesabu zako, kuomba muda wa mkopo urefushwe, rejesho lipungue, au wewe mwenyewe upewe nafasi ya kutafuta mnunuzi, maana ukiuza mwenyewe mara nyingi utapata bei bora kuliko ya mnada. Andika barua, ipigwe muhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala.

Pili, na hili ni kubwa kwenye soko kama letu. Benki inapouza dhamana ina wajibu wa kutafuta bei bora inayowezekana kupatikana. Kifungu cha 133 cha sheria hiyo kinasema bei ikiwa chini kwa asilimia 25 au zaidi ya wastani wa bei ya nyumba za aina hiyo kwenye soko huria, inachukuliwa kwamba aliyeuza amevunja wajibu huo mpaka athibitishe vinginevyo. Kwa hiyo kama nyumba za mtaani kwako zinauzwa milioni 50 na yako imepigwa mnada kwa milioni 35, una hoja ya kupeleka mahakamani. Ni hoja inayohitaji ushahidi: mikataba ya majirani waliouza karibuni, ripoti ya mthamini aliyesajiliwa. Tazameni pia kwamba kipimo ni bei ya soko la sasa. Huwezi kwenda na bei ya 2013.

Tatu, nyumba ya familia haiwekwi dhamana bila ridhaa ya mwenzi. Mume au mke aliyesainishwa bila kuelezwa, au ambaye sahihi yake ilighushiwa, ana mlango wa kisheria. Nimewaona akina mama waliojua hili wakati nyumba imeshauzwa. Ulizeni mapema.

Wenzetu wa nchi nyingine wamefanya nini? Marekani nyumba ziliporomoka bei kuanzia mwaka 2007, watu wakajikuta wanadaiwa kuliko thamani ya nyumba. Kulikuwa na jambo la ajabu: benki ikikusamehe sehemu ya deni, sheria ya kodi ililihesabu lile deni lililosamehewa kama kipato chako, unatozwa kodi. Desemba 2007 wakapitisha sheria ya kuondoa kodi hiyo kwa deni la nyumba ya kuishi. Mwaka 2008 wakampa mnunuzi wa nyumba ya kwanza nafuu ya kodi ya hadi dola 7,500, ila alitakiwa kuirudisha kidogokidogo kwa miaka 15. Mwaka 2009 wakaongeza ikawa dola 8,000, na ukibaki kuishi kwenye nyumba hiyo hurudishi. Jimbo la California tangu 1978 lina utaratibu kwamba bei ya soko ikishuka, thamani inayotozwa kodi ya nyumba inashushwa kwa muda, ikipanda inarudishwa. Jirani zetu Kenya wanampunguzia mfanyakazi kipato kinachotozwa kodi kwa riba ya mkopo wa nyumba anayoishi, mpaka shilingi 360,000 za Kenya kwa mwaka tangu walipopandisha kiwango Desemba 2024. Mfanyakazi wa Tanzania hana nafuu ya namna hiyo kwenye PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara wake.

Wengine watasema tuombe ya Kenya. Siipingi, ila mimi singeanza nayo. Nafuu ya riba inamfaa mwenye mkopo mrefu wa benki, na watu hao Mtwara na Lindi ni wachache. Wengi wetu nyumba zetu zimetokana na korosho, ufuta, mshahara wa ualimu, na samaki. Hatuna riba ya kupunguziwa. Tukienda na ombi la kunakili, tutapewa nafuu isiyotufikia.

Ningependa tuombe mambo matatu yanayotokana na maisha yetu. Moja, muuzaji aliyejenga kwa awamu aruhusiwe kuthibitisha gharama kwa mkataba wa fundi uliogongwa muhuri wa mtaa pamoja na tathmini ya mthamini, ili aliyepata hasara asitozwe asilimia 3 kama aliyepata faida. Pili, kile kiwango cha milioni 15 kipandishwe. Kimekaa pale miaka mingi huku saruji na nondo zikipanda, na faida nyingi inayoonekana kwenye karatasi ni shilingi tu iliyopungua nguvu. Tatu, jengo lililothibitishwa na mtaa kuwa tupu kwa miezi sita kodi yake ya majengo isimame mpaka apatikane mpangaji. Kwa nyumba ya chini ni fedha ndogo. Kwa mjane aliyeachiwa jengo la sakafu tatu, 270,000 bila mpangaji ni ada ya mtoto.

Serikali inasikia ikiambiwa kwa hoja. Mwaka 2022 ilitoa msamaha wa riba kwa waliokuwa na malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi, ile inayolipwa kwa ardhi kila mwaka, walipe deni la msingi tu. Watu walikuwa wamelalamika miaka mingi. Bajeti inasomwa Juni, na viwango vipya huanza Julai Mosi. Anayetaka kubadilisha kitu hasubiri Juni. Wabunge wetu wanarudi majimboni, madiwani tunakaa nao. Chama hiki cha wenye nyumba kiandike waraka wa kurasa mbili, wenye mifano ya hesabu kama hii niliyowapa, kiupeleke mapema. Na kwa sababu Sheria ya Fedha inabadilika kila mwaka, kabla hujasaini chochote pita ofisi ya TRA uulize kiwango cha mwaka huo.

Mwenyekiti, muda wangu umekwisha na adhana inakaribia. Nitabaki meza ile ya kulia baada ya sala. Wazee wa miaka 60 na zaidi waje kwanza na namba zao za mita, tujaze maombi yao ya msamaha leo hii ili kesho wapelekwe TRA. Anayeuza, aje na mkataba wa kiwanja na chochote alichonacho cha gharama, tupige hesabu ya njia zote mbili, ya asilimia 10 ya faida na ya asilimia 3 ya bei, aone ipi inamfaa kabla hajakubaliana bei na mtu. Na wenye notisi ya benki, naomba mje leo, msingoje wiki ijayo, kwa sababu siku zenu tayari zinahesabika. Asanteni sana.